Usione Vyaelea: Deni Letu kwa Wanaosimama Kando

Huenda msomaji akashangaa kukuta, ndani ya kitabu cha mambo ya imani, habari za mpiga gitaa aliyepanda jukwaani akiwa amepakwa wanja, amevaa suti ya kumetameta na viatu vya soli nene. Sisi wenyewe tulisita kabla ya kuandika. Tumezoea kuchukua mifano yetu kwa wamisionari, mashahidi wa imani na wachungaji wa zamani. Lakini Bwana wetu alipotaka kufundisha juu ya busara alimtaja wakili dhalimu (Luka 16), na alipotaka kufundisha juu ya kuomba bila kukata tamaa alimtaja kadhi asiyemcha Mungu (Luka 18). Basi hatudhani tutakosea tukijifunza kitu kwa mtu wa muziki wa dunia, ambaye hakuwa dhalimu, bali fundi mkimya aliyelelewa katika nyumba ya watu wa dini.

Swali letu ni hili. Mtu akitoa kipawa chake kuwainua wengine, kisha yeye akabaki kando bila jina kubwa wala mali nyingi, je, maisha yake yamepotea? Na sisi tulioinuliwa na mtu wa namna hiyo, je, unyenyekevu wake unatuondolea deni?

Mtunza bustani wa Hull

Mtu huyo ni Mick Ronson. Alizaliwa tarehe 26 Mei 1946 katika mji wa Hull, mji wa bandari na wavuvi upande wa mashariki wa Uingereza. Alilelewa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi hulijua kwa jina la kanisa la Wamormoni. Tunatofautiana na kanisa hilo katika mafundisho mazito, lakini hilo si jambo la leo. Utotoni alifundishwa piano, fidla na filimbi. Baadaye akalipenda gitaa, akapiga katika bendi za vijana wa mjini kwao, akaenda London kujaribu bahati, akarudi mikono mitupu.

Mwanzoni mwa mwaka 1970 alikuwa ameajiriwa na halmashauri ya mji wa Hull kama mtunza bustani. Mwenzake wa zamani, mpiga ngoma John Cambridge, alisafiri kutoka London kumtafuta. Alimkuta uwanjani, akichora mistari ya mchezo wa raga. Cambridge alimwambia kwamba kuna mwimbaji London anayehitaji mpiga gitaa. Ronson hakurukia nafasi hiyo kwa furaha. Alikwisha kuumwa na nyoka, na ukambaa ulimtisha. Hata hivyo alikwenda.

Mwimbaji huyo aliitwa David Bowie. Wakati huo alikuwa anajulikana kwa wimbo mmoja tu mkubwa. Katika miaka mitatu iliyofuata Bowie alikuwa miongoni mwa wanamuziki waliozungumzwa kuliko wote Uingereza, na mtu aliyesimama kando yake na gitaa la solo alikuwa huyo mtunza bustani.

Ilikuwa zama za roki ya glamu, yaani roki ya madoido. Wanaume walivaa hariri na vitambaa vya kung'aa, wakapaka nyuso rangi, wakavaa viatu vya kuwarefusha. Bowie alibuni mhusika aliyeitwa Ziggy Stardust, nyota wa roki wa kubuni, akaimba kana kwamba yeye ndiye huyo Ziggy. Wapiga vyombo wake wakapewa jina la Spiders from Mars: Ronson kwenye gitaa, Trevor Bolder kwenye besi, Woody Woodmansey kwenye ngoma. Wote watatu walitoka upande ule wa Hull. Walikuwa watoto wa watu wa kazi za mikono, na huko kwao mwanamume hakuvaa waridi.

Woodmansey amesimulia kwamba Ronson alipoziona zile nguo kwa mara ya kwanza, alifungasha mizigo yake akaenda kituo cha treni arudi kwao. Mwenzake ikabidi amfuate hadi kituoni kumbembeleza. Picha hiyo tumeikumbuka mara nyingi: mpiga gitaa ambaye dunia ingemjua kwa mapambo yake, ameketi na begi lake akisubiri treni, kwa sababu mapambo hayo yanamwaibisha.

Alirudi, akazivaa. Hatuandiki haya ili kulisafisha jukwaa lile. Yalifanyika pale mambo ambayo tusingeyaweka mbele ya watoto wetu wa shule ya Jumapili, na hatuoni sababu ya kuyaficha. Tunachosema ni kwamba mtu aliyemtazama Ronson akaona nguo tu, awe alishangilia au alilaani, hakuwa amemwona Ronson.

Kile ambacho jicho halikukiona

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Anayesimama ufukoni huona tanga limejaa upepo; aliyechonga mkuku na kuziba nyufa kwa pamba na mafuta haonekani. Katika muziki pia ndivyo ilivyo. Tunamsikia mwimbaji, lakini yupo mtu aliyekaa usiku akipanga fidla ziingie wapi, zinyamaze wapi, na gitaa lijibu nini.

Kazi hiyo Ronson aliifanya. Katika albamu ya Bowie iitwayo Hunky Dory, iliyotoka mwaka 1971, upo wimbo uitwao Life on Mars? ambao hadi leo huhesabiwa miongoni mwa nyimbo bora za zama zake. Mpangilio wa vyombo vya nyuzi vinavyopanda na kuuzingira uimbaji ule ni wa Ronson. Yale masomo ya piano na fidla ya utotoni, ambayo mtu angeyadhani yamepotelea katika bustani za halmashauri, yalikuwa yanangoja siku yake.

Mwaka 1972 Bowie na Ronson walitayarisha pamoja albamu ya Mmarekani Lou Reed iitwayo Transformer. Humo mna wimbo Perfect Day, na piano yake ilipigwa na Ronson, na fidla zake zilipangwa na Ronson. Reed alikumbuka miaka mingi baadaye kwamba lafudhi ya Hull ilimshinda, akalazimika kumwomba Ronson arudie maneno yake tena na tena. Wawili hawa walisikilizana kwa shida wakiongea, lakini kazi waliyoifanya inasikilizwa mpaka leo.

Lipo jambo moja dogo ambalo kwetu ni kama mfano wa Injili. Gitaa alilolipiga Ronson katika miaka ile lilikuwa Gibson Les Paul, lililotoka kiwandani likiwa na rangi nyeusi ya kung'aa. Ronson aliikwangua rangi yote ya uso wa gitaa mpaka ukabaki mti mtupu. Aliamini kwamba mti usiobanwa na rangi hutoa sauti nzuri zaidi. Basi katika jukwaa lile ambalo kila kitu kilipakwa rangi, mpaka nyuso za watu, kifaa chake cha kazi kilikuwa hakina rangi.

Tunayo methali ya uzuri wa mkakasi, kwamba nje umepambwa na ndani ni kipande cha mti. Tunaitumia kumsuta mtu mwenye sura bila utu. Ronson anatufanya tuifikirie upya. Mapambo yalikuwa juu yake, ndiyo, lakini ule mti wa ndani ndio uliokuwa na thamani, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Nabii Samweli alipokwenda nyumbani kwa Yese alivutwa na umbo la mtoto wa kwanza, na Mungu akamwonya kwamba macho ya wanadamu huishia nje (1 Samweli 16). Sisi husoma maneno hayo kama onyo dhidi ya kusifu uzuri wa nje. Ni onyo vilevile dhidi ya kulaani kwa sababu ya nje.

Jina na ujira

Sasa tufike penye uchungu. Katika biashara ya muziki, aliyeandika wimbo ndiye hupata fungu kila wimbo unapouzwa na kupigwa. Aliyeupanga kwa kawaida hulipwa ujira wake mara moja, yakaisha. Nyimbo zilikuwa za Bowie, na kwa haki ziliandikwa jina lake, tusimzulie wizi. Lakini mtu akijiuliza nyimbo zile zingekuwa nini bila fidla zile na gitaa lile, ataona kwamba kipimo cha sheria na kipimo cha shukrani si kimoja.

Mambo yalikuwa magumu zaidi kwa wale wenzake wawili. Katika safari ya Marekani, Woodmansey na Bolder waligundua kwamba mpiga piano aliyeajiriwa baada yao analipwa kuliko wao kwa mbali. Kisha tarehe 3 Julai 1973, katika ukumbi wa Hammersmith Odeon mjini London, Bowie aliwaambia watazamaji kwamba onyesho lile ndilo la mwisho. Woodmansey na Bolder walilisikia jambo hilo pale pale jukwaani, pamoja na watu waliokata tiketi. Ronson alikuwa anajua. Alikwisha kuambiwa, na alikwisha kuahidiwa kwamba yeye atafanywa nyota wa peke yake. Alinyamaza.

Tunalitaja hilo kwa sababu mtu mpole si malaika. Upole una jaribu lake, nalo ni kunyamaza pale ambapo rafiki angepaswa kuonywa. Wengi wetu tumewahi kunyamaza hivyo katika vikao vya kanisa, tukakuita kunyamaza kwetu hekima.

Waliotaka kumfanya nyota walijaribu. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1974, ikafika nafasi ya 9 katika orodha ya mauzo ya Uingereza, jambo ambalo si dogo. Lakini kusimama katikati ya jukwaa hakukumkaa mwilini. Mwaka huohuo alijiunga na bendi ya Mott the Hoople, na bendi ilipovunjika aliendelea kufanya kazi na mwimbaji wake, Ian Hunter, akawa rafiki na mshiriki wake kwa miaka mingi. Mwaka 1975 alisafiri na Bob Dylan katika ziara iliyoitwa Rolling Thunder Revue. Baadaye alitayarisha muziki wa vijana wengi ambao majina yao hayakuvuka mipaka ya nchi zao, Kanada na Skandinavia. Aliyemwomba msaada aliupata.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini Mmarekani John Mellencamp alikuwa na wimbo uliomshinda, Jack & Diane. Kwa maelezo ya Mellencamp mwenyewe, alikwisha kuutupa. Ronson aliuokota, akaona mahali ambapo sauti za watu wengi zingeweza kuingia mfano wa kwaya, akausaidia kusimama. Mwaka 1982 wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Mellencamp hakuficha, alisema wazi kwamba wimbo ule anadaiwa na Mick Ronson. Ni jambo jema kusikia mtu akitamka deni lake.

Mafundisho mawili katika sura moja

Tukirudi kwenye swali letu, wapo watakaotujibu haraka: msaidizi ana thawabu yake mbinguni, basi asidai kitu hapa duniani. Jibu hilo lina kweli ndani yake, na tusingependa kuliangusha. Kutafuta kuonekana ni ugonjwa, na makanisa yetu yanaujua. Kuna waimbaji wasioimba mpaka wapewe maikrofoni ya mbele, na watoaji wasiotoa mpaka kiasi kisomwe.

Lakini tuisome Luka sura ya 17 kwa utaratibu. Kuanzia mstari wa 7 Bwana Yesu anawafundisha wanafunzi wake kwamba mtumishi akimaliza kazi yote aliyoagizwa asijione amefanya jambo la ajabu. Amefanya wajibu wake tu. Hapo tunafunga Biblia, tunamgeukia mpiga kinanda wetu, tunamwambia, umesikia? Tungesoma mistari michache zaidi tungewakuta wakoma kumi. Wote wameponywa, mmoja tu amerudi kushukuru, na Yesu anauliza wale tisa wako wapi.

Ni sura moja na mwalimu mmoja. Kwa mtumishi anasema, usidai shukrani. Kwa aliyehudumiwa anasema, shukrani yako iko wapi? Kosa letu ni kubadilishana mafundisho hayo. Tuliohudumiwa tunalichukua fundisho la mtumishi na kumsomea yeye, ili la kwetu tusilisikie. Unyenyekevu ni vazi la anayetoa. Anayepokea hana ruhusa ya kulivua na kujifunika nalo.

Ndivyo ilivyo pia katika Mathayo 6, mahali ambapo mkono wa kushoto hautakiwi kujua la mkono wa kuume. Agizo lile amepewa mwenye mikono. Maskini aliyepokea sadaka hakuagizwa kusahau.

Mungu mwenyewe huwataja mafundi. Hema ya kukutania ilipotakiwa kujengwa, Musa ndiye aliyekuwa mlimani na Haruni ndiye aliyevaa mavazi ya kumetameta, vito kifuani na njuga za dhahabu pindoni. Lakini katika Kutoka 31 Mungu anamtaja kwa jina Bezaleli, mtu wa kukata vito na kuchonga miti, na anasema kwamba amemjaza Roho wake kwa ajili ya kazi hiyo. Kadhalika Waraka kwa Warumi tunauita wa Paulo, na ni wa Paulo, lakini katika sura ya 16 inasikika ghafla sauti ya mtu mwingine akisalimu: ni Tertio, aliyeushika ule wino. Paulo angeweza kumnyamazisha, ila alimpisha aseme jina lake. Na palipo na ujira, Yakobo 5 inatuonya kwamba mshahara uliozuiliwa una kilio chake, na kilio hicho hufika masikioni mwa Mungu hata kama mfanyakazi mwenyewe hakufungua kinywa.

Kijana wetu wa gitaa la solo

Tungeishia hapo tungekuwa tumewahukumu watu wa London, na kumbe jambo hili liko mlangoni petu.

Tulikuwa na kijana katika usharika mmoja. Alipiga gitaa la solo kwenye kwaya. Jumamosi alifika kabla ya wote, akasawazisha nyuzi, akaunga nyaya zilizokatika, akawafundisha wadogo besi. Nyimbo nyingi zililetwa na mwalimu wa kwaya zikiwa sauti tupu, na yeye ndiye aliyetafuta mapito ya vyombo, utangulizi na viitikio. Sisi wazee tulimwona, tena tulimwona sana: tuliziona nywele alizozifuga na suruali iliyombana. Tulimwita ofisini mara mbili kuzungumzia nywele. Kuzungumzia kazi yake hatukumwita hata mara moja.

Siku ya uzinduzi wa albamu alikuja mgeni rasmi, sare zilikuwa mpya, watu walitoa kwa moyo. Vyeti vilitolewa kwa mwalimu, mwenyekiti, waimbaji waliotangulia, wafadhili na fundi aliyekodisha spika. Kwenye kava yaliandikwa majina mengi, lakini jina lake halikuwamo. Hakulalamika. Alikunja nyaya zake kama kawaida, akaziweka stoo. Baada ya miezi michache tulisikia anapiga katika bendi ya hoteli.

Tulikaa kikao tukasema dunia imemvuta. Mama mmoja mzee, ambaye kwa kawaida huwa haongei katika vikao, akatuuliza, "Wanangu, mmesema dunia imemvuta. Mbona hamsemi ni nani aliyemwachia mkono?" Hakuna aliyemjibu.

Wawili kati yetu tulikwenda kumwona. Alituamkia vizuri, akatutafutia viti, akatuletea soda. Tulipomuuliza, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Sikutaka pesa, wazee wangu. Nilitaka mama yangu asikie jina langu likisomwa kanisani. Alikuwa amekaa mstari wa tatu siku ile." Tulimwomba radhi. Alisema amesamehe, na tunaamini amesamehe. Lakini kwenye kwaya hajarudi. Krismasi iliyopita alikuja ibadani, akakaa viti vya nyuma karibu na mlango.

Hatuna mwisho mzuri wa kuuweka hapa. Kuomba radhi ni lazima, lakini hakurudishi siku iliyopita.

Tangu hapo tumejaribu kufanya mambo machache yasiyohitaji mkutano mkuu. Mwisho wa kila kipindi cha kwaya tunasoma majina ya wapiga vyombo, wafungua milango na wanaofua sare. Nauli za mazoezi zimewekwa kwenye bajeti badala ya kungoja huruma ya mtu. Kazi ya kwaya inapotolewa, tunaandika nani alitunga na nani alipanga vyombo, na fungu la kila mmoja linaamuliwa kabla albamu haijauzwa. Na kijana akija na nywele zisizotupendeza, tunajitahidi neno letu la kwanza kwake liwe la asante. Mengine tutayazungumza baadaye, kama bado yatahitaji kuzungumzwa.

Uwanja wa Wembley

Mwaka 1991 Ronson aligundulika kuwa na saratani ya ini. Hakuacha kazi, akiwa mgonjwa alitayarisha albamu ya mwimbaji Morrissey iliyotoka mwaka 1992. Mwaka huohuo, tarehe 20 Aprili, lilifanyika onyesho kubwa katika uwanja wa Wembley mjini London kumkumbuka Freddie Mercury, yule mwimbaji aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, na kuchangia vita dhidi ya UKIMWI. Mercury na Ronson walizaliwa mwaka mmoja. Mmoja alikuwa amekwisha kufa, na mwingine alipanda jukwaani akijua ugonjwa wake.

Ronson alipiga gitaa akiwa kando ya Ian Hunter, na kando ya Bowie, rafiki wa siku za kale. Baada ya wimbo wao, Bowie alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alipiga magoti mbele ya umati ule wa makumi ya maelfu, akasema Sala ya Bwana tangu mwanzo hadi mwisho. Moyo wake tunamwachia Mungu. Lakini sala ile, wakati wowote inaposemwa na yeyote anayeisema, ina ombi la kusamehewa deni, na hakuna anayeweza kuitamka bila kukiri kwamba anadaiwa.

Ronson alifariki tarehe 29 Aprili 1993, akiwa na miaka 46. Ibada ya kumkumbuka ilifanyika London katika kanisa la dini aliyolelewa nayo, kisha akapelekwa Hull akazikwa. Albamu yake ya mwisho ilitoka mwaka uliofuata, ikaitwa Heaven and Hull, yaani Mbinguni na Hull. Watu wa mji wake walijenga jukwaa la kumbukumbu katikati ya mji. Na katika bustani ya East Park, ambako enzi zake aliajiriwa kutunza maua na majani, wamesimamisha sanamu ya gitaa refu kuliko mtu.

Je, maisha yake yalipotea? Hatuoni hivyo. Mtu aliyewasaidia wengi kusema walichotaka kusema hakuishi bure, na Mungu ndiye aliyempa masikio yale, hata kama jukwaa halikuwa la kanisa. Lakini kama tungemuuliza kuhusu deni letu, tunadhani angetabasamu na kusema hakuna deni, kwa maana wapole husema hivyo. Hapo ndipo tusimsikilize. Sanamu ni nzuri, ila marehemu haioni. Majina na yasomwe wakati mama bado amekaa mstari wa tatu.

*Ee Mungu Baba, uliyemwita Bezaleli kwa jina lake, utusamehe majina tuliyoyaacha. Utufundishe kuhudumu bila kudai, na kushukuru bila kukumbushwa. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.*